Kabla Hujailaumu Mashine: Utatuzi wa Matatizo Unapojaribu Programu Mpya ya Kukatia Stika na Kadi

Mashine ndogo ya kukatia, ile inayokaa mezani pembeni ya cherehani, haijui kuchora. Inajua kupeleka kisu kushoto na kulia, kuvuta karatasi mbele na nyuma, kushusha kisu na kukiinua, basi. Ukubwa wa herufi, mkunjo wa ua, na mahali pa kuanzia kukata huamuliwa na programu iliyo kwenye kompyuta. Ndiyo maana mtu akijaribu programu nyingine, hata kwa siku mbili tu, mashine iliyokata vizuri Ijumaa huonekana imeharibika Jumatatu. Nimeletewa mashine za namna hiyo mlangoni, zimefungwa kwenye khanga kama mgonjwa. Nyingi zilirudi kwao bila kufunguliwa hata skrubu moja.

Haya hapa chini nimeyapanga kwa dalili, maana hakuna anayeamka asubuhi akasema "leo draiva yangu ina hitilafu". Watu husema "haioni mashine", "inakata kisanduku", "imekuwa kubwa". Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi na isiyo na gharama kuikagua. Usirukie ya mwisho kwa sababu inaonekana ya kitaalamu.

Kabla ya yote: mraba

Chora mraba wa milimita 100 kwa 100. Ndani yake weka duara la milimita 30 na neno fupi kwa mwandiko wa kuunganisha herufi. Ukate kwenye karatasi ya kawaida, usipoteze stika. Pima kwa rula, kisha uandike nyuma yake jina la programu na tarehe. Kila programu unayoijaribu ikate mraba huohuo, nawe uitunze yote kwenye bahasha moja. Karatasi hizo zitakusaidia kuliko maelezo ya dakika 40 ya mtu wa YouTube, na dalili kadhaa hapa chini zinasomwa moja kwa moja kutoka kwenye mraba huo.

Dalili ya 1: Programu haiioni mashine

Hii ndiyo inayoongoza.

Anza na waya. Uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usiupitishe kwenye kigawanyio cha USB chenye matundu manne. Jaribu tundu lingine, kisha waya mwingine. Waya wa USB unaozidi mita 5 ni wa kushuku hata kama ni mpya.

Waya ukiwa mzima, tazama kama programu ya zamani bado iko wazi. Programu mbili haziwezi kuishika mashine moja kwa wakati mmoja, na anayejaribu programu mpya huwa ameiacha ya zamani inaendelea kimyakimya pale karibu na saa ya kompyuta. Zifunge zote, zima mashine, zima kompyuta, washa mashine kwanza kisha kompyuta. Kwa mashine zinazotumia Bluetooth kuna mwizi mwingine: simu. Kama uliwahi kuiunganisha na simu yako au ya mtoto, huenda simu ndiyo imeishika. Zima Bluetooth ya simu ujaribu tena.

Sababu ya tatu inawauma watu kwa sababu haina tiba: programu hiyo haizungumzi na mashine hiyo. Mashine za Cricut zinazouzwa sasa zinaendeshwa na Design Space, programu ya Cricut wenyewe, na unaweza kuchora popote unapopenda, lakini kukata lazima urudi humo. Silhouette Studio nayo huendesha mashine za Silhouette peke yake, ila mashine hizo zina uhuru zaidi, kwa kuwa Sure Cuts A Lot inazikubali, na Inkscape, programu ya bure ya kuchorea, pia ukiiongezea kiambatisho chake. Plota za Kichina za kukatia stika, zile unazoziona kwa wachora magari, nyingi huelewa HPGL, lugha ya amri za plota, kwa hiyo programu nyingi zinaweza kuziendesha.

Hapo niseme jambo kwa anayenunua mashine iliyotumika au anayetumiwa na ndugu kutoka Marekani. Cricut za kizazi cha kwanza zilitegemea programu ya mtandaoni iitwayo Craft Room, iliyofungwa Julai 2018. Tangu hapo mashine hizo zimebaki za kukata michoro iliyo kwenye katriji zake tu, vile vikasha vya michoro vinavyochomekwa kwenye mashine. Mashine ni nzima, injini inazunguka, kisu kikali, lakini hakuna mlango wa kuingizia mchoro wako. Muulize muuzaji jina kamili la mashine kabla hujatoa pesa.

Sababu ya nne ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, hasa kwa plota za Kichina. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M, lifunguke dirisha la Device Manager. Chomeka mashine huku unatazama. Lazima kitu kitokee kwenye orodha ya bandari (Ports), kikiandikwa COM na namba. Kikitokea na alama ya njano, draiva ndiyo tatizo. Ndani ya mashine au ndani ya waya kuna kichipu kinachogeuza USB kuwa bandari ya kizamani. CH340 ndicho kinachoonekana sana, na draiva yake ni nyepesi kupata. PL2303 cha zamani ni balaa: kwenye Windows 11 kinaweza kukuonyesha maandishi kwamba kiliondolewa sokoni tangu 2012 na kwamba uwasiliane na aliyekuuzia. Kama kichipu hicho kiko kwenye waya wa kigeuzi, usihangaike nacho, nunua waya mwingine wenye CH340 au FTDI.

Draiva ikiwa sawa, hakikisha namba ya COM iliyo kwenye Device Manager ndiyo uliyoichagua ndani ya programu. Ukihamisha waya tundu jingine, namba inaweza kubadilika. Programu za zamani nyingine hazioni namba kubwa, kwa hiyo COM 12 iibadilishe iwe 3 au 4. Kasi ya mawasiliano kwa plota nyingi ni 9600. Thibitisha kwenye kioo kidogo cha mashine yenyewe, maana pande mbili lazima zifanane.

Simama hapa: kama umejaribu waya mbili na kompyuta mbili, na Device Manager haitikisiki hata kidogo unapochomeka, tatizo liko ndani ya mashine. Usiifungue. Ipeleke kwa fundi wa vifaa vya elektroniki.

Dalili ya 2: Mchoro unaonekana, lakini mashine inakata kisanduku, au haikati kitu

Karibu kila mara umeingiza picha badala ya mistari. JPG na PNG ni nukta za rangi zilizopangwa, mfano wa mkeka wa ukili: ukiwa mbali unaona ua, ukikaribia unaona miaa tu. Kisu hakiwezi kufuata rangi, kinataka mstari. Programu isipopata mstari hukata ukingo wa picha nzima, na ndicho hicho kisanduku.

Tiba ni kuifuatisha picha ili programu itengeneze mistari. Kwenye Inkscape ni Shift+Alt+B. Silhouette Studio ina paneli yake ya kazi hiyo hata kwenye toleo la bure, na Design Space hukupitisha kwenye hatua ya kufuta mandharinyuma unapopakia. Baada ya kufuatisha, picha ya mwanzo hubaki chini ya mistari mipya, zimelaliana kama shuka mbili. Vuta ya juu pembeni, futa ya chini. Wengi huishia kufuta ile nzuri.

Ubora wa picha una neno hapa. Nembo iliyopitia WhatsApp mara tano imeshasagwa. Kingo zake zina ukungu, na kila ukungu unageuka meno kwenye mstari. Mwambie mteja akutumie kama hati, siyo kama picha. Akisema hajui, mwelekeze kwa upole, ni dakika moja.

Sababu ya pili ni aina ya faili. Silhouette Studio ya bure haifungui SVG, faili la michoro ya mistari, na hilo halimaanishi faili lako ni bovu. Unaweza kulipia toleo la Designer Edition, linalofungua, au kulifungua faili kwenye Inkscape na kulihifadhi kama DXF, faili jingine la mistari, ambalo toleo la bure linalipokea. Kwa anayejaribu tu, nashauri hiyo ya pili. Lipia ukishachoka kuzunguka.

Tatu, SVG ya uongo. Siku hizi wauzaji wa michoro mtandaoni huchukua PNG, wakaifunga ndani ya SVG, wakaiuza. Ifungue kwenye Inkscape na ubonyeze Ctrl+5 (5 ya sehemu ya namba kwenye kibodi) mpaka rangi zitoweke na ubaki na mistari mitupu. Ukiona kisanduku peke yake badala ya umbo, umeuziwa picha. Dai pesa yako.

Nne, maandishi. Fonti iliyo kwenye kompyuta ya mchoraji huenda haipo kwenye yako, na programu ikaweka nyingine au ikaacha patupu. Yeyote anayekutumia kazi abadili maandishi kuwa maumbo kwanza. Kwenye Inkscape ni Shift+Ctrl+C. Akishafanya hivyo huwezi tena kusahihisha tahajia, kwa hiyo majina yasomwe kabla.

Na kama faili lina mwisho wa ZIP, lifungue kwanza. Nimeona watu wakubwa wakihangaika nalo usiku kucha.

Dalili ya 3: Vipimo vinadanganya

Nilikata majina 30 ya watoto kwa ajili ya mahafali ya chekechea, kila jina lienee kwenye chupa ya maji. Nilichora kwenye programu moja, nikakata kwenye nyingine niliyokuwa naijaribu, sikupima. Majina yalitoka makubwa kwa theluthi, yakazunguka chupa hadi herufi ya mwisho ikaikanyaga ya kwanza. Karatasi nzima ya stika ya dhahabu ilikwenda. Tangu siku hiyo mraba ule umekuwa ibada.

Ukweli ni kwamba kosa la ukubwa haliji ovyo. Lina namba zake, na namba hizo hukuambia kosa limeanzia wapi. SVG inaweza kuhifadhi vipimo kwa pikseli, na programu hazikubaliani pikseli ngapi zinafanya inchi moja. Adobe Illustrator huhesabu 72. Inkscape ilikuwa ikihesabu 90 hadi toleo la 0.92 la mwaka 2017, ilipohamia 96. Sasa chukua rula, upime mraba wako wa milimita 100:

- Ukitoka 133, mchoro wa 96 umesomwa kwa 72. Punguza hadi asilimia 75.
- Ukitoka 75, ni kinyume chake. Ongeza hadi asilimia 133.33.
- Ukitoka karibu 94, ni faili la Inkscape ya zamani kwenye programu mpya. Ongeza hadi asilimia 106.67. Ukitoka karibu 107, punguza hadi 93.75.
- Ukitoka 125 au 80, ni 90 na 72 zimekutana.
- Ukitoka mdogo kama punje ya mtama, karibu milimita 4, au programu ikalalamika kwamba mchoro una mita mbili na nusu, ni inchi na milimita zimepishana. Hii ni ya DXF sana, kwa sababu faili hilo mara nyingi hubeba namba bila kusema ni za kipimo gani. Zidisha au gawanya kwa 25.4.

Njia ya kuliepuka jambo zima ni kuweka kipimo kwenye programu ya mwisho, ile inayokata. Chagua mchoro wote, funga kufuli ya uwiano, andika upana unaoutaka kwa namba. Usivute kona kwa macho.

Mraba ukitoka 100 upande mmoja na 98 upande mwingine, hilo si suala la pikseli. Hapo karatasi inateleza au mashine inahitaji kusawazishwa. Safisha magurudumu yanayovuta karatasi, badilisha mkeka wa gundi unaoshikilia karatasi kama umechoka, kisha ukate tena. Ikiendelea vilevile mara tatu kwa kiasi kilekile, tafuta sehemu ya kusawazisha kwenye programu au kwenye mashine. Ikitoa jibu tofauti kila mara, mkanda umelegea, na hiyo ni kazi ya fundi.

Dalili ya 4: Herufi zinakatana, au mashine inapita mara mbili palepale

Ukiandika jina kwa mwandiko wa kuunganisha, kioo kinaonyesha neno moja. Kwa programu, kila herufi ni kipande chake, na mkia wa "a" umeingia ndani ya "m". Mashine itakata ukingo wa kila moja, na neno litatoka vipandevipande. Geuza maandishi kuwa maumbo, chagua yote, uyaunganishe: kwenye Inkscape ni Ctrl na alama ya kujumlisha. Programu nyingine zina neno la kuchomelea herufi, na kazi ni ileile.

Kupita mara mbili kuna asili mbili. Ama umeufuatisha mstari mwembamba, na programu ikakuchorea kingo zake zote mbili, ama kuna nakala iliyojificha chini. Tazama mistari mitupu kwa Ctrl+5. Nakala huonekana unapokisogeza kitu. Mashine ikitetemeka na kutoa mlio wa kukwaruza kwenye mkunjo, mchoro una vituo vingi mno, yaani nukta zinazoushikilia mstari. Ctrl+L kwenye Inkscape huvipunguza, ila usiibonyeze mara nyingi, utalifanya waridi kuwa viazi.

Maandishi ya Kiarabu yanataka uangalifu wa peke yake, na kwa watu wa pwani hii ni kazi ya kila wiki: Bismillahi ya ukutani, Eid Mubarak ya mlangoni, majina ya kadi za nikahi. Baadhi ya programu za kukata hupokea maandishi hayo zikayaachanisha herufi kila moja peke yake, au zikayapanga kutoka kushoto. Asiyesoma Kiarabu ataona limependeza. Andika neno ndani ya Inkscape, ambayo huunganisha herufi inavyotakiwa, ligeuze kuwa umbo, liunganishe, ndipo ulipeleke kwenye programu ya kukatia. Angalia nukta na irabu hazikubaki nje ulipochagua. Kisha piga picha, umwonyeshe mtu anayesoma kabla ya kukata. Aya iliyokosewa haitupwi tu kwenye ndoo ya taka kama kosa jingine.

Dalili ya 5: Kona zimekuwa duara, duara halifungi

Kisu cha mashine hizi kimekaa kama gurudumu la toroli: ncha yake inafuata nyuma ya katikati ya kishikio. Programu lazima iujue umbali huo ili ijue pa kugeuzia. Plota nyingi za Kichina hutumia visu vya milimita 0.25, na programu nyingi huiita namba hiyo Blade Offset. Programu mpya haijui ulichokiweka kwenye ya zamani.

Tazama kona za mraba wako. Zikiwa zimeviringana, namba ni ndogo mno. Zikiwa na vijipembe vidogo vinavyochomoza, namba ni kubwa mno. Badilisha kwa 0.05 kila mara. Duara likiacha mwanya mdogo pa kumalizia, washa kipengele cha kupitiliza kidogo baada ya mwisho wa mstari, milimita moja inatosha.

Hilo lisipotengeneza, ng'oa kisu ukitazame. Mara nyingi unyuzi wa stika umejiviringisha shingoni na kisu hakizunguki. Zima umeme wa mashine kabla hujaingiza vidole.

Dalili ya 6: Inaanza vizuri, kisha inakatika katikati

Laptopu imelala. Nenda kwenye mipangilio ya umeme, uikataze kulala na uikataze kuzima USB. Ndiyo sababu ya kwanza.

Design Space inataka akaunti na inazungumza na mtandao, kwa hiyo bando likiisha au mtandao ukilegea kabla ya kutuma kazi, utabaki unatazama duara linazunguka. Kwenye kompyuta unaweza kuuhifadhi mradi mapema ukaukata bila mtandao. Silhouette Studio na Inkscape hazikuombi intaneti ili kukata.

Plota ikikata sehemu ya kwanza sawasawa kisha ikaanza kuchora mistari ya ajabu kutoka kona hadi kona, kumbukumbu yake imejaa na kompyuta haikusubiri. Kwenye mpangilio wa bandari ya COM kuna sehemu ya kudhibiti mtiririko. Ifanane na mashine. Kisha kata kwa mafungu madogo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiisogeze karatasi. Lakini ukweli ni kwamba programu nyingi hazitakumbuka zilipoishia, na utaanza upya.

Dalili ya 7: Haikati, au inakata hadi mkeka

Fupi: programu mpya imekuja na nguvu yake ya kuanzia. Kata pembetatu ndogo pembeni, ongeza nguvu kidogokidogo hadi stika ikatike na karatasi ya nyuma ibaki na alama hafifu tu. Kisu kisitokeze zaidi ya unene wa unachokikata. Ukiongeza nguvu hadi mwisho na bado haikati, kisu kimechoka, si programu.

Stika ya fulana imetoka imegeuka? Igeuze kama kwenye kioo kabla ya kukata, upande wa plastiki inayong'aa ukitazama chini. Kila mtu huikosea mara moja.

Dalili ya 8: Umechapa, kisha kukata kumehama

Hapa kuna kosa linalotoka mbali. Makampuni mawili makubwa ya mashine hizi za nyumbani yako jimbo moja la Utah, Marekani, na huko karatasi ya ofisini ni Letter, milimita 216 kwa 279. Yetu ni A4, 210 kwa 297. Programu mpya mara nyingi hufunguka ikiwa kwenye karatasi ya kwao. Printa inapoona karatasi haifanani, inasinyaza mchoro kidogo ili uenee, na mikato yote inahama. Badilisha ukubwa wa ukurasa uwe A4 kwenye programu, na kwenye dirisha la printa hakikisha ni asilimia 100, bila kulinganisha na ukurasa.

Kama alama nyeusi za kona, zile zinazochapwa ili mashine ijue pa kukata, hazisomwi kabisa, shuku mwanga. Jua la dirishani hulichanganya jicho la mashine, na stika yenye kung'aa hurudisha mwanga wote. Funika alama kwa selotepu isiyong'aa. Wino ukiwa umefifia, ziongezee weusi kwa kalamu ya wino mzito. Kusawazisha kupitia programu ni hatua ya mwisho, baada ya hizo zote, maana ukisawazisha juu ya kosa la A4 utakuwa umeligandisha kosa lenyewe.

Dalili ya 9: Programu imegoma, inadai leseni

Toleo la majaribio hubana mahali fulani: siku zimehesabiwa, au huhifadhi bila kukata, au hukata na kuongeza mstari usioutaka. Soma linabana wapi siku ya kwanza, ufanye jaribio muhimu mapema. Muhimu kwangu ni mraba, neno la Kiarabu, na kazi moja ya mteja niliyokwisha kuikata kwa programu ya zamani. Hifadhi michoro yako kwa SVG, isifungwe ndani ya aina ya faili ambayo itakataa kufunguka majaribio yakiisha.

Programu iliyovunjwa kufuli, ile ya kwenye flashi ya elfu tano, inakuomba uzime kinga ya virusi ili iingie. Kompyuta hiyohiyo ina namba za simu za wateja wako na pengine benki yako. Inkscape ni bure kihalali, na Silhouette Studio ina toleo la bure. Sioni sababu.

Zima, usijaribu tena

Kuna dalili ambazo programu haihusiki hata kidogo. Harufu ya kuungua. Adapta ya moto isiyoshikika. Kichwa cha kisu kinagonga ukuta wa mashine kila inapowashwa, kikiendelea kusukuma. Mlio wa meno yanayosagana. Chomoa kwenye umeme, si kuzima kwa kitufe tu.

Na kabla ya kuchomeka chochote kilichotoka Marekani, soma kibandiko mahali palipoandikwa INPUT. Adapta ya mashine ya kukatia ikiandikwa 100–240V, iko salama kwetu. Pasi ya kubandikia fulana iliyokuja kwenye boksi hilohilo mara nyingi ni ya 120V tu, na kwenye tundu letu la 230V haitadumu, tena inaweza kuwasha moto. Muulize fundi wa umeme kuhusu kibadilisha umeme chenye uwezo wa wati zake, wala usinunue kile kidogo cha kuchajia simu.

Jambo moja kwa wanaotamani kuhamia leza kwa sababu faili la SVG ni lilelile: stika ya vinaili ina klorini. Kisu huikata bila neno, leza huichoma ikatoa gesi inayoumiza mapafu na kula chuma cha mashine. Usiikate kwa leza, hata dirisha likiwa wazi.

Ukimpelekea fundi mashine, mpelekee na bahasha. Mraba uliokatwa na programu tatu tofauti, wote una kasoro moja mahali palepale, utamwonyesha aanzie kwenye mkanda na magurudumu. Mraba mmoja ukiwa mbovu na miwili mizima, mwenye haki atakurudisha nyumbani bila kukutoza.